Kuendesha seva ya gemu kwa .NET: inafaa, ila mzoa taka asiingie uwanjani

Kwa anayetaka jibu la haraka: .NET ya sasa, jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu zinazoandikwa hasa kwa lugha ya C#, inabeba seva ya gemu la wachezaji wengi bila kutetereka, iwe ni karata za watu wanne au mapigano ya watu mia kwenye ramani moja. Sharti lake ni moja tu. Ile sehemu inayopiga hesabu za mchezo mara 20, 30 au 60 kwa sekunde isiombe kumbukumbu mpya wakati mechi inaendelea, la sivyo itamwita mzoa taka, yaani sehemu ya .NET inayofuta kumbukumbu isiyotumika tena. Ukilitimiza hilo, mengine yote ni raha. Usipolitimiza, hakuna kitufe cha mipangilio kitakachokuokoa.

Tathmini hii inaangalia .NET yenyewe pamoja na vipande vitatu vinavyoandamana nayo mara kwa mara: LiteNetLib ya usafiri wa UDP (njia ya kutuma pakiti haraka bila hakikisho la kufika), MagicOnion ya mawasiliano ya HTTP/2 (itifaki ya wavuti), na Orleans kwa huduma zinazoizunguka mechi. Vyote vinne ni bure na vina leseni ya MIT, kwa hiyo hata gemu la kuuza halidaiwi chochote. Kifurushi cha kutengenezea programu ni takriban MB 200 kukipakua. Seva iliyokamilika, ikiwa imebeba .NET yake yenyewe ndani, huwa kwenye MB 70 hivi kabla ya kupunguzwa.

Toleo la kuanzia mradi mpya ni .NET 10 ya Novemba 2025, kwa kuwa ni la msaada wa muda mrefu. .NET 8 ya Novemba 2023 bado ni nzuri, lakini msaada wake unaisha Novemba 2026, na hakuna sababu ya kuanza safari na tairi linaloelekea kuisha.

Wapo wanaosema C# si lugha ya seva za gemu. Seva ya Terraria imeandikwa kwa C#, na RunUO, seva ya hiari ya Ultima Online, ilikuwa C# tangu miaka ya mwanzo ya 2000, enzi ambazo .NET ilikufunga kwenye Windows. Kufuli hilo lilivunjika mwaka 2016 .NET Core 1.0 ilipotoka ikiendeshwa pia kwenye Linux. Leo ni jambo la kawaida kuandika kwenye Windows na kupandisha kwenye VPS (mashine ya kukodi) ya Linux kwa amri moja: `dotnet publish -c Release -r linux-x64 --self-contained`. Ukitumia Alpine, aina ndogo ya Linux, andika `linux-musl-x64`, la sivyo faili litakataa kuwaka na ujumbe wa kosa hautakwambia kwa nini.

Faida kubwa ya msimbo unaosimamiwa, yaani ambao .NET inaukagua ukiendeshwa, kwenye seva ya gemu inaonekana siku mtu anapokutumia pakiti ya kihuni. Kwenye C++, kuandika nje ya mipaka ya bafa (kumbukumbu ya kushikilia data kwa muda) kunaweza kumkabidhi mshambuliaji mashine nzima. Kwenye .NET unapata eksepsheni (ishara ya kosa inayoweza kudakwa), unamtoa mchezaji huyo, mechi inaendelea. Ila eksepsheni nayo ina gharama ya muda wa prosesa, na anayejua hilo atakumwagia maelfu ya pakiti mbovu kwa makusudi. Msomaji wa pakiti aandikwe kwa mtindo wa kujaribu na kurudisha ndiyo au hapana, asirushe eksepsheni kwa kila takataka inayoingia. Pia usiamini kamwe urefu ulioandikwa ndani ya pakiti: ukisoma namba ya biti 32 kutoka kwa mteja na kuunda safu ya ukubwa huo bila kikomo, pakiti moja ya baiti nne inatosha kukumalizia RAM.

Mzoa taka

Hapa ndipo penye kazi. .NET hupanga vitu kwa vizazi vitatu: 0, 1 na 2. Kitu kipya huanzia kizazi 0. Kikipona uzoaji mmoja hupanda cha 1, kikipona tena hupanda cha 2. Uzoaji wa kizazi 0 na cha 1 husimamisha thredi (mikondo ya kazi) zote za programu, lakini huwa mfupi. Uzoaji wa kizazi 2 kwa kawaida hufanyika nyuma ya pazia huku programu ikiendelea. Ila kumbukumbu ikibana, hugeuka kuwa wa kusimamisha kila kitu, na hapo unaweza kupoteza makumi ya milisekunde. Seva ya mipigo 60, yaani duru 60 za hesabu, kwa sekunde ina milisekunde 16.7 tu kwa kila mpigo, hivyo kusimama kwa milisekunde 50 ni mipigo mitatu iliyopotea. Mchezaji haoni namba hizo. Anaona adui ameruka kutoka mlangoni hadi dirishani.

Chukua hesabu hii. Wachezaji 100, kila mmoja anatuma pakiti 60 kwa sekunde, na kwa kila pakiti msimbo unaandika `new byte[1200]`. Kwenye mashine ya biti 64 safu hiyo hula baiti 1,224, kwa sababu ya baiti 24 za kichwa chake. Pakiti 6,000 kwa sekunde ni MB 7.3 za taka kila sekunde. Kiasi hicho peke yake hakitishi, maana vitu vinavyokufa vikiwa vichanga huzolewa kwa bei nafuu. Balaa huja bafa hizo zinapokaa foleni zikisubiri mpigo unaofuata. Zinapona uzoaji wa kwanza, zinapona wa pili, kisha zinakufia kizazi 2, mahali ghali kuliko pote. Taka ya umri wa kati ndiyo adui wa seva ya gemu.

Dawa ni kuazima badala ya kuunda. `ArrayPool<byte>.Shared.Rent(1200)` inakupa safu iliyokwisha kutumika kutoka kwenye ghala. Lakini ina mitego miwili inayowanasa watu kila siku. Wa kwanza: ukiomba 1,200 unapewa 2,048, kwa kuwa ghala linapanga safu kwa ukubwa unaojirudufu. Anayetuma safu nzima badala ya urefu halisi anapeleka mabaki ya pakiti ya mtu mwingine, na hilo ni tundu la usalama pamoja na kupoteza bando. Wa pili: kurudisha safu moja mara mbili. Ghala halilalamiki. Linaiazimisha kwa watu wawili kwa wakati mmoja, na saa mbili baadaye Juma anaona amri za Asha kwenye skrini yake. Kosa hili ni gumu kulisaka kwa sababu linapojitokeza, mkosaji ameshaondoka zamani. Weka sheria kwamba aliyeazima ndiye anayerudisha, ndani ya njia hiyohiyo, na usipitishe bafa ya kuazima kwenye foleni isiyo na mwenyewe.

Kuna na mpaka wa baiti 85,000. Kitu chochote kinachofikia hapo huwekwa kwenye eneo la vitu vikubwa, ambalo huzolewa pamoja na kizazi 2 na kwa kawaida halipangwi upya. Wengi wanauvuka bila kujua. Orodha ya miundo ya baiti 12, kwa mfano nafasi za x, y na z, ikikua kwa kujirudufu huuvuka mpaka pale inapofika nafasi 8,192. Itengee ukubwa wake tangu seva inapowaka, na orodha hiyo haitakusumbua tena.

Vyanzo vingine vya taka ni vya kila siku: LINQ (maswali ya C# juu ya orodha) ndani ya kitanzi cha mechi, lambda (kazi isiyo na jina) inayokamata kigezo cha nje, kuunganisha maneno ya logi ambayo hata hayatachapishwa, muundo unaotumika kama ufunguo wa kamusi bila kutekeleza `IEquatable`. Hakuna kilicho dhambi kikiwa peke yake. Vyote vikiwa ndani ya kitanzi kinachozunguka mara 60 kwa sekunde kwa kila mchezaji, ni mvua.

Na hapa .NET inastahili sifa ambayo haipewi vya kutosha. Java ina ZGC, mzoa taka ambaye tangu toleo la JDK 21 ana vizazi na husimama kwa chini ya milisekunde moja. .NET haina mzoaji wa aina hiyo, na hilo ni pungufu halisi. Lakini .NET ina miundo, yaani `struct`, inayokaa ndani ya safu kwa mfululizo bila kuwa vitu vinavyojitegemea. Hali ya wachezaji 5,000 inaweza kukaa kwenye safu moja tu, ambayo mzoa taka anaihesabu kama kitu kimoja. Ukiongeza `Span<T>`, unasoma pakiti na kukata vipande vyake bila kunakili hata baiti. Kwa maneno mengine, Java inakupa mzoaji bora, .NET inakupa njia ya kutomhitaji. Kwa seva ya gemu hili la pili lina thamani zaidi, mradi timu ina nidhamu.

Mipangilio sasa. Mradi wa kawaida wa konsoli huwaka na mzoaji wa aina ya kompyuta ya mezani, na mradi wa wavuti huwaka na mzoaji wa seva. Mzoaji wa seva hutengeneza hipu (eneo la kumbukumbu) moja kwa kila kiini cha prosesa, kwa hiyo hula RAM zaidi lakini huzoa mara chache. Unauwasha kwa `<ServerGarbageCollector>true</ServerGarbageCollector>`. Una mchakato mmoja mkubwa unaobeba kila kitu? Washa. Una michakato kumi ya mechi kwenye mashine ya viini 16? Usiwashe, maana utakuwa na hipu 160 na thredi za wazoaji zikipigania viini hivyohivyo. Kuanzia .NET 9 idadi ya hipu hujirekebisha yenyewe kulingana na mzigo, na hali imekuwa nafuu. Mtego wa mwisho hapa: vigezo vya mazingira vinavyoanza na `DOTNET_GC` husomwa kwa namba za msingi wa 16. `DOTNET_GCHeapHardLimit=C800000` ni MB 200. Ukiandika 200000000 ukidhani ni baiti za kawaida, umeweka kikomo cha GB 8.

Kitanzi cha mechi

Usikijenge juu ya `Task.Delay` wala `PeriodicTimer`. Vinafaa kusafisha akiba kila dakika, havifai kupiga mpigo kila milisekunde 16. Vinategemea bwawa la thredi (kundi la thredi zinazoshirikiwa na programu nzima), na bwawa likiwa na shughuli nyingi mpigo wako unasubiri foleni. Tenga thredi moja, soma saa kwa `Stopwatch`, lala hadi zibaki kama milisekunde mbili, kisha zunguka ukisubiri muda utimie. Kwenye Linux usingizi wa milisekunde moja ni wa kuaminika. Kwenye Windows unaweza kufika 15.6, kwa sababu ndiyo hatua ya kawaida ya saa yake, na seva ya mipigo 60 ikaenda kwa kuchechemea bila kosa lolote kuonekana kwenye logi.

Mpigo ukichelewa, fidia, lakini weka kikomo. Kitanzi kinacholipa deni lote kwa mkupuo hutumia muda mrefu zaidi kulipa, kikazidi kuchelewa, na deni likakua hadi seva inaganda. Mipigo mitano ya fidia inatosha. Inayobaki isamehe.

Mechi moja iishi kwenye thredi moja. Ingizo la wachezaji lifike kupitia foleni, litolewe mwanzoni mwa mpigo, na ndani ya mpigo kusiwe na kufuli hata moja. Mashine ya viini vinne iendeshe mechi nyingi sambamba, si mechi moja iliyochanwa vipande vinne. Watu hupoteza miezi wakijaribu kuchana.

Kosa linaloua seva nyingi za C# haliko hata kwenye mchezo. Ni `.Result` au `.Wait()` kwenye wito wa hifadhidata. Wito huo unaishika thredi ya bwawa bila kazi. Thredi za mwanzo ni sawa na idadi ya viini, na zikiisha bwawa linaongeza nyingine kwa mwendo wa kinyonga. Wachezaji 30 wakiingia kwa pamoja, kila kitu kinakwama huku prosesa ikionyesha asilimia 5. Endesha `dotnet-counters monitor -p` ukiweka namba ya mchakato, uangalie urefu wa foleni ya bwawa la thredi. Ukipanda na prosesa imelala, umempata mwizi.

Soketi

UDP kwenye Windows ina tabia moja ya ajabu. Mchezaji akifunga gemu ghafla, kifaa chake kinarudisha taarifa kwamba poti haifikiki, na wito wa kupokea wa seva nzima unarusha kosa la 10054. Soketi, yaani mlango wa seva wa mtandao, ni moja kwa wachezaji wote, kwa hiyo kitanzi kisichojua kosa hilo kinamtoa kila mtu kwa sababu ya mmoja. Linazimwa kwa `IOControl` yenye namba -1744830452. Kwenye Linux soketi ya kupokea isiyofungamana na mteja mmoja haikusumbui hivyo, na ndiyo maana kuna seva zinazofanya vizuri zikishapandishwa lakini zinakufa kwenye kompyuta ya mtengenezaji.

Linux ina lake. Bafa ya kupokea ina kikomo cha baiti 212,992 kwenye mifumo mingi. Ukiomba MB 4 kupitia `ReceiveBufferSize` hakuna kosa linalotolewa, unapunguziwa kimyakimya. Panua `net.core.rmem_max` kwanza. Ili kujua kama pakiti zinadondokea hapo, endesha `netstat -su` na utazame mstari wa makosa ya bafa ya kupokea. Mara nyingi lawama inaangukia mtandao wa simu kumbe pakiti zilifika hadi mlangoni zikakosa nafasi.

Kabla ya .NET 8 kila pakiti ya UDP iliyopokelewa iliunda kitu kipya cha anwani. Sasa kuna njia zinazopokea `SocketAddress` iliyoundwa mara moja na kutumika tena. Kama unaandika safu ya usafiri mwenyewe, hili peke yake linatosha kukuhamisha kutoka matoleo ya zamani.

Pakiti isizidi baiti 1,200. Na mteja atume salamu fupi kila sekunde 15 hata akiwa amesimama. Wachezaji wengi wa kwetu wako kwenye data za simu, nyuma ya anwani inayotumiwa na watu wengi, na jedwali la tafsiri za anwani linaweza kumsahau aliye kimya. Kwenye Linux muda wa kumsahau unaweza kuwa sekunde 30 tu.

Maktaba tatu

LiteNetLib ndiyo chaguo la kwanza kwa michezo ya kasi. Inafanya kazi ndani ya Unity (injini ya kutengenezea magemu) na ndani ya .NET kwa msimbo uleule, inatoa njia tano za uwasilishaji, kuanzia ile isiyo na hakikisho lolote hadi ile yenye hakikisho na mpangilio. Nafasi za wachezaji zipitie njia ya mfuatano usio na hakikisho: ya zamani ikichelewa inatupwa. Ununuzi, mazungumzo na matokeo yapitie yenye hakikisho. Usitumie yenye hakikisho kwa kila kitu. Dirisha lake ni la pakiti 64 zilizo safarini, na kwa pingi (muda wa kwenda na kurudi) ya milisekunde 200 hiyo ni pakiti 320 kwa sekunde kwa mchezaji mmoja, zaidi ya hapo zinajipanga. Pakiti kubwa hukatwa vipande kwenye njia mbili tu za hakikisho, ReliableOrdered na ReliableUnordered. Kwingine unarushiwa eksepsheni. Haisimbi data yenyewe, kwa hiyo nywila isipite humo kamwe: mchezaji aingie kwa HTTPS, apewe tokeni ya muda mfupi, aje nayo kwenye UDP. Muda wa kumhesabu mtu kuwa amekatika ni sekunde tano. Kwa wachezaji wa simu wanaohama mnara, kumi ni uungwana.

MagicOnion, ya kampuni ya Cysharp ya Japani, ni tamu kuandika. Unatangaza kiolesura cha C#, mteja na seva wanakishiriki, na hakuna faili la ziada la maelezo ya ujumbe. Lakini inapita juu ya gRPC, yaani HTTP/2, yaani TCP, itifaki inayofikisha pakiti zote kwa mpangilio. Pakiti moja ikipotea, zote zilizo nyuma yake zinasubiri irudiwe, na Linux haisubiri chini ya milisekunde 200 kabla ya kurudia kwa kuisha muda. Kwa bao, drafti, karata au mchezo wowote wa zamu, hakuna atakayegundua. Kwa mpira au bunduki kila mtu atagundua. Hiyo si kasoro ya maktaba bali ya anayeiweka pasipo pake.

Orleans ndiyo inayotusumbua kutathmini, kwa sababu ni bora sana na hutumiwa vibaya sana. Ilizaliwa kwenye maabara ya utafiti ya Microsoft, ikabeba huduma za wingu za Halo 4 mwaka 2012, na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2015. Wazo lake ni kwamba kila mchezaji, kila ukoo, kila chumba cha kusubiria ni kiumbe kidogo chenye jina, kiitwacho greini. Humtengenezi wala humfuti. Unamwita kwa jina, naye anaamka kwenye mojawapo ya mashine zako. Kila greini hushughulikia ombi moja kwa wakati, kwa hiyo mifuko ya dhahabu na orodha za marafiki hazihitaji kufuli. Kwa kupanga mechi, wasifu, urafiki, soko na msimamo wa ligi, ni vigumu kupata kitu rahisi zaidi kwenye .NET.

Inapoharibika, huharibika hivi. Greini A inamwita B, na B kabla ya kujibu anamwita A. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na baada ya sekunde 30 unapata kosa la muda kuisha. Ama panga upya mtiririko, ama ruhusu kuingiliwa tena kwa njia hiyo mahususi. Ya pili: greini moja ya msimamo wa ligi inayoitwa na kila mchezaji baada ya kila mechi. Kwa kuwa inashughulikia mmoja mmoja, imekuwa dirisha moja la benki mwisho wa mwezi. Gawanya kwa makundi, kisha jumlisha kila sekunde chache. Ya tatu: mashine ikizimika, greini inaamka kwingine lakini na hali iliyohifadhiwa mara ya mwisho tu. Miamala ya pesa hifadhi papo hapo, alama za mazoezi zinaweza kungoja. Na usiweke fizikia ya mipigo 60 ndani ya greini. Ratiba yake haikujengwa kwa ajili hiyo.

Mgawanyo unaofanya kazi basi ni huu: Orleans au ASP.NET Core, sehemu ya wavuti ya .NET, ikishika kila kitu nje ya mechi, na mchakato mwembamba wa UDP ukishika mechi. Unity kama seva isiyo na skrini ni njia nyingine, na ina maana pale fizikia ya mchezo imefungamana na Unity. Ila lugha ni ileile, injini ya chini si ileile: mzoa taka wake hana vizazi, na ushauri mwingi wa hapo juu unakuwa wa lazima maradufu. Maktaba ya sheria za mchezo iandikwe kwa .NET Standard 2.1 ili pande zote mbili ziisome. Kama mchezo wako unategemea kila kifaa kufikia jibu lilelile, epuka desimali zinazoelea: `Math.Sin` inaweza kutofautiana kwenye tarakimu za mwisho kati ya mfumo mmoja na mwingine, na tofauti hiyo hukua kila mpigo. Tumia namba kamili zenye mizani maalumu.

Kontena, uwashaji na bando

Kuna mkwamo unaofanana kabisa na wa mzoa taka lakini si wake. Ukiipa kontena (kisanduku cha kuendeshea programu) nusu ya kiini, mfumo unaihesabia milisekunde 50 za kazi katika kila 100. Zikiisha, mchakato unagandishwa hadi kipindi kijacho. Kwa tovuti si neno, kwa seva ya mechi ni kifo. Ama mpe kiini kizima, ama ondoa kikomo na udhibiti idadi ya mechi kwa mashine. Kumbuka pia kwamba kontena yenye kiini kimoja haitumii mzoaji wa seva hata ukiuandika kwenye mradi.

Mechi ya kwanza baada ya kuwasha huwa nzito kwa sababu msimbo bado unatafsiriwa kwa haraka, halafu njia zinazoitwa mara nyingi hutafsiriwa upya vizuri zaidi. Washa `PublishReadyToRun`, kisha chezesha roboti mechi nzima kabla ya kufungua mlango. Utafsiri wa mapema kabisa kuwa msimbo wa mashine unawasha seva upesi na kupunguza RAM, lakini unapoteza ule uboreshaji unaojifunza kutokana na mwenendo halisi, na maktaba zinazounda msimbo zikiwa kazini hazitafanya kazi. Kwa mchakato unaoishi wiki nzima, hatuupendekezi.

Wakati wa kuzima, mwenyeji wa kawaida wa .NET hutoa sekunde 30 za kumalizia, na Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena, nayo sekunde 30. Mechi ya dakika 20 haiishi kwa muda huo. Panua zote mbili, acha kupokea wachezaji wapya, subiri.

Ukubwa wa pakiti ni pesa ya mchezaji. Hali ya mtu mmoja ikiandikwa kivivu, desimali tatu za nafasi, moja ya mwelekeo, namba mbili kamili za hali na utambulisho, ni baiti 24. Ukibana nafasi kwa biti 16 kila mhimili, ambayo inatosha usahihi wa sentimita moja kwenye uwanja wa mita 655, mwelekeo baiti moja, hali baiti moja na utambulisho baiti mbili, unabaki na 10. Kwa wachezaji 50 na taarifa 20 kwa sekunde, pamoja na vichwa vya IP na UDP, uvivu unamlia mchezaji MB 88 kwa saa, ubanaji MB 38. Upande wa seva ni Mbps 4.2 baada ya kubana, kama TB 1.4 kwa mwezi uwanja ukiwa umejaa muda wote. Kampuni kubwa za wingu hutoza data inayotoka, VPS nyingi za kawaida hukupa kifungu cha mwezi. Piga hesabu hiyo kabla ya kuchagua.

Na mahali pa kuiweka. .NET haikulazimishi Azure. Azure ina kituo Johannesburg tangu 2019, AWS Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024. Mwanga ndani ya nyuzi hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo Nairobi hadi Johannesburg na kurudi haiwezi kushuka chini ya milisekunde 29 hata waya ungenyooka kama rula, na nyaya zenyewe zinazunguka pwani. Gemu linalolenga wachezaji wa Dar es Salaam au Nairobi na linalohitaji kasi lipate mashine yenye viini viwili na RAM ya GB 4 mjini humohumo, kwa mtoa huduma aliyeunganishwa na kituo cha kubadilishana intaneti cha nchi. Huduma za Orleans na hifadhidata zinaweza kubaki mbali. Mchezaji anayesubiri orodha ya marafiki hajali nusu sekunde.